Mafuta Yanayokaa Ndani

Tangu ndugu yake Opondo azikwe, Akeyo hakuweza kumwona mtu ameshika tumbo akampita. Akiwa ni mlevi aliyejikunja kando ya mtaro, aliinama akamgeuza aone kama kuna damu. Akiwa ni mama mjamzito aliyesimama kupumzika, alimsumbua kwa maswali mpaka mama wa watu akaondoka bila kupumzika. Siku moja alimfuata mwanamume mzima kutoka barabarani hadi mlangoni kwake kwa sababu shati lake lilikuwa na doa jekundu ubavuni, kumbe ni rangi ya kupaka madirisha. Watu wa Laini Saba, kule Kibera, hawana uchoyo wa majina. Wakamwita Daktari wa Matumbo, na jina likashika haraka, kwa sababu kibanda chake pale kando ya reli kilikuwa cha kuuza matumbo ya ng'ombe.

Kila asubuhi alikwenda machinjioni Dagoretti kuchukua mzigo, na kila asubuhi alirudi kwa kupitia Kawangware. Kulikuwa na njia nyingine. Hakuitumia. Kawangware ndiko Opondo alikokuwa akifanya kazi ya mjengo, kwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa ikipanda polepole nyuma ya soko, na huko ndiko alikoteleza kwenye ubao akaangukia ncha ya nondo ya chuma. Hakufa siku hiyo. Alirudi chumbani kwake kwa miguu, akawaambia wenzake watamwona kesho. Kesho yake hakuamka vizuri, na iliyofuata tumbo likawa gumu kama ngoma, na walipompeleka hospitali hatimaye, hakuwa tena mtu wa kuzungumza naye.

Baada ya mazishi Akeyo alirudi kwenye ule mjengo. Hakwenda kugombana. Alitaka kujua tu jeraha lilikuwa linaonekanaje, maana yeye alimkuta ndugu yake tayari amefunikwa shuka. Fundi mmoja wa mawe, Mutie, ndiye aliyekuwa karibu siku ile, na ndiye aliyemjibu, akimwita kwa jina la mwanawe, macho yake yakiwa kwenye mwiko wake.

"Shimo lilikuwa dogo, Mama Marvin. Damu hata haikuwa mingi. Kulikuwa na kitu kidogo imetokeza, nyeupe nyeupe hivi, laini. Nikadhani ni mafuta ya mwili. Nikairudisha na kidole, tukabandika plasta, akakunywa maziwa, akaenda."

Alipokuwa akisema alikuwa amenyoosha kidole cha shahada, kuonyesha. Kisha akakiona kile kidole chake, akautia mkono mfukoni.

Akeyo alifika Kibera siku hiyo bila kujua amepita wapi. Alikuwa akimfikiria Opondo, ambaye mbavu zake ungeweza kuzihesabu juu ya fulana. Mafuta ya chini ya ngozi, Opondo angeyatoa wapi? Lakini kuna mafuta mengine, na hayo yeye aliyajua vizuri kwa sababu kila siku aliyabandua kwa mikono yake: mafuta membamba kama pazia la wavu, yanayolala juu ya utumbo na kuufunika. Yalikuwa laini, yana weupe wa kuelekea umanjano. Hata ng'ombe aliyekonda kwa kiangazi huwa nayo. Hayakai chini ya ngozi. Yanakaa ndani kabisa, na yakichungulia nje, maana yake nondo haikuishia kwenye nyama. Ilifika ndani.

Tangu hapo hakutulia. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kulikuwa na muuguzi aliyeitwa Christine, aliyekuja mara moja kwa mwezi kwenye kanisa moja kule Kianda, upande wa pili wa Kibera, kupima uzito wa watoto, na Akeyo akaenda kupanga foleni pamoja na kina mama wenye vichanga, yeye mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?" Christine akamuuliza.

"Sina mtoto wa kupima. Nina swali."

Christine alimjibu huku akitundika watoto kwenye mzani mmoja baada ya mwingine. Kitu kikitoka tumboni, usikirudishe. Shika mguu wa huyu, mama, asipige teke. Usikivute pia. Kilo sita na nusu, vizuri. Funika na kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa yakapoa, maana utumbo ukikauka unakufa, halafu funika juu na nailoni safi. Mlaze chali, magoti yainuke, tumbo lilegee. Asile, asinywe, hata akilia. Na usikae hapo ukimwangalia, mpeleke hospitali mbio. Huyu amepungua, mama, unamnyonyesha kweli?

Mwezi uliofuata Akeyo alikuwa kwenye foleni tena, na swali lile lile, asije akasahau. Christine akamkazia macho.

"Mama, kwani unangoja nani aumie?"

Akeyo alirudi zake nyumbani kwa haraka, kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, na mafundi wa masanduku ya bati pale Laini Saba walikuwa hawana nafasi ya kujikuna. Nyundo zilianza alfajiri. Shivachi, kijana wa Vihiga aliyekuwa na karakana ndogo karibu na kibanda cha Akeyo, alikuwa amejipangia kumaliza masanduku yote ya wateja wake kabla ya jioni, na mkewe Trizah alikuwa ameanika nguo pale pale ili apate kumkabidhi misumari huku akigeuza nguo. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma kutoka upande wa bwawa, unazoa vumbi na makaratasi.

Shivachi alikuwa amebeba bati zima kichwani, jipya, halijakunjwa. Upepo ukaingia chini yake. Bati likapinduka likamzungusha, mguu ukaingia mtaroni, na akaanguka juu ya kona ya lile bati.

Akeyo alisikia vicheko kabla ya kujua limetokea nini. Alipotoka kibandani aliona mafundi wamemzunguka Shivachi, naye amekaa juu ya karai lililopinduliwa, anacheka pamoja nao, mkono mmoja tumboni.

Akeyo akawasukuma akapita katikati yao.

"Niaje, Daktari," Ouma akamwita. Ouma alikuwa mkubwa wa mafundi wote wa pale, mtengeneza majiko, mwenye mikono iliyojaa makovu. "Leo umepata mgonjwa. Njoo umpime kabla hajapona."

"Baba Derrick, hebu toa mkono nione."

"Wacha, Mama Marvin," Shivachi akasema. "Ni bati imenibusu tu. Ilinikosa jana, ikanipata leo."

"Toa mkono."

Akautoa, kwa kumridhisha. Shati lilikuwa limechanika pembeni ya kitovu, na chini yake palikuwa na mkato mfupi, mdogo kuliko mdomo wa mtoto. Damu ilikuwa kidogo. Katikati ya mkato, kitu cha ukubwa wa punje ya haragwe kilikuwa kimetokeza, laini, cheupe cha umanjano, kinang'aa juani.

Akeyo akainama akaitazama kwa karibu.

"Hiyo ni mafuta," Ouma akasema. "Huyu alienda nyumbani Krismasi akakula kuku za mama yake zote." Wenzake wakacheka. Tayari alikuwa amekata kipande kirefu cha mpira wa tyubu ya gurudumu, anakivuta vuta kukijaribu. Kwa mafundi wa pale hakukuwa na jeraha lisilofungwa kwa mpira wa tyubu. Kidole kikikatwa, mpira. Goti likipasuka, mafuta ya taa kidogo na mpira. Ulikaza vizuri, haukuloa, na mtu alirudi kwenye nyundo yake. Ouma ndiye aliyekuwa na mkono wa kuufunga, na hakuna aliyemkumbuka mtu aliyefungwa na Ouma akafunguka. "Naisukuma ndani, nakaza, anamaliza hiyo sanduku ya mwisho."

"Usiguse."

"Nimefunga watu hapa kabla wewe hujajua Nairobi iko wapi."

"Najua umefunga watu. Usiguse hiyo."

"Basi itaingia yenyewe? Ama tuiombee?"

Vicheko tena. Akeyo aliona kidole cha Ouma, kile cha shahada, kimenyooka kuelekea tumboni mwa Shivachi, na ilikuwa kana kwamba amesimama Kawangware. Angepiga kelele wangesema ni yale yale yake. Akageuka akakimbilia kibandani, akatia mkono kwenye beseni, akarudi mbio na pazia la mafuta likining'inia vidoleni mwake, linadondosha maji.

"Ouma. Hii unaijua?"

"Si ni ile mafuta unatutolea kwa matumbo."

"Inakaa wapi?"

"Kwa tumbo."

"Wapi kwa tumbo? Chini ya ngozi, ama ndani?"

Ouma akafungua kinywa. Alikuwa mteja wake wa kila siku. Mara nyingi alikuwa amesimama pale pale kibandani akingoja sehemu yake, akimtazama akiyabandua mafuta yale juu ya utumbo. Aliyatazama vidoleni mwake, akageuka akatazama ile punje kwenye tumbo la Shivachi, akarudi tena kwenye mafuta.

"Lakini hiyo ni ya ng'ombe," akasema, sauti ikiwa imeshuka.

"Na hiyo ingine imetoka wapi?"

Shivachi ndiye aliyejaribu kurudisha mzaha. "Kwa hivyo mimi ni kilo ngapi, Mama Marvin?" akasema, akacheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi cha vumbi.

Mkato ukafunguka. Utumbo ukateleza nje, kipindo kimoja, mnene kama kidole gumba cha mguu, rangi ya waridi iliyopauka, umelowa, ukijisogeza wenyewe polepole kama kitu kilichoamshwa usingizini.

Shivachi akainamisha kichwa, akauona. Akaacha kucheka.

Nyundo za pale karibu zikanyamaza moja baada ya nyingine. Ouma, kwa mazoea ya mtu ambaye mikono yake hutangulia mbele ya mawazo, akaunyooshea mkono aurudishe, na Akeyo akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vilivyojaa mafuta.

"Nishikie kichwa chake badala yake," akamwambia. "Mlaze. Polepole. Asikae, asisimame."

Wakamlaza juu ya magunia. Akeyo akakunja gunia jingine akalitia chini ya magoti yake, mpaka yakainuka. Trizah alikuwa amefika, nguo mbichi ingali mkononi, na alikuwa akirudia neno moja tu, "Nini, nini, nini."

"Mama Derrick, sikiza. Uko na maji umechemsha?"

"Ya kunywa. Kwa jeriken."

"Lete yote. Na kitambaa safi, safi kabisa, ya pasi. Na sabuni."

Trizah alirudi na jerikeni na kitambaa chake cheupe cha kichwa, kile cha kwenda nacho kanisani, kilichopigwa pasi ya makaa kikakunjwa vizuri. Alikitazama mara moja tu, kisha akampa.

"Sio mimi," Akeyo akasema, akirudisha mikono nyuma. "Mimi mikono yangu imeshinda kwa matumbo. Osha zako na sabuni mpaka hapa. Wewe ndio utamfunika."

Basi Trizah akanawa, na Ouma akammwagia maji. Wakakilowesha kitambaa, na Trizah akakilaza juu ya utumbo wa mumewe kama anavyofunika mtoto usoni asipigwe na jua. Akeyo akachukua mifuko ya nailoni ya kuwafungia wateja wake matumbo, akaivuta ile iliyokuwa katikati ya furushi, isiyoguswa. Hapo akasita. Nailoni ilikuwa juu, au chini? Christine alisema nini? Alisikia mtoto akipiga teke kwenye mzani, alisikia kilo sita na nusu, na neno lenyewe likawa limepotea. Utumbo ukikauka unakufa. Basi cha maji kinakaa karibu na utumbo, na nailoni inayazuia maji yasiondoke. Juu. Ni juu.

"Weka hii juu. Usikandamize." Kisha akamgeukia Ouma. "Sasa hiyo mpira yako. Izungushe juu ya nailoni ishikilie tu. Kama vile unafunga mayai kwa baiskeli."

Ouma akaufunga. Hakuwahi kufunga kitu kwa ulegevu kama ule, na ilionekana kumchukua nguvu zaidi kuliko kukaza.

Mlango wa kibanda cha Akeyo uling'olewa kwenye bawaba zake, wakampandisha Shivachi juu yake, wanaume wakainua, Ouma mbele. Njia ya kwenda barabarani ilivuka reli. Walipoifikia, treni ya mizigo ilikuwa inapita, ndefu, inakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kabla haijaisha ikasimama.

Wakasimama nao. Mabehewa yalikuwa yameziba njia upande huu na upande ule, mbali kuliko wanavyoweza kuzunguka na mgonjwa. Mmoja akasema wampitishe chini ya behewa. Ouma akamuuliza kama yeye ndiye atakayemwambia dereva asiondoke. Wakauweka mlango chini. Jua lilikuwa utosini. Akeyo alikwenda hatua kadhaa upande wa mbele wa treni, akarudi, akaenda tena. Hakuna alichokuwa akitafuta. Miguu ilikataa tu kusimama.

"Maji," Shivachi akasema.

Midomo yake ilikuwa imekauka, na uso umekuwa wa majivu. Trizah alikuwa na lile jerikeni mkononi, maji kidogo yamebaki ya kuongezea kwenye kitambaa. Akaanza kulifungua.

"Asinywe," Akeyo akasema.

"Anaomba maji."

"Najua. Lakini asinywe, Mama Derrick. Watampasua, tumbo inafaa iwe tupu. Na kama kuna pahali imetoboka, ile anakunywa itamwagika ndani."

"Trizah," Shivachi akasema. "Kidogo tu, Trizah."

Mwanamke akainua macho, na Akeyo akaona ndani yake kitu alichokuwa akikiogopa tangu mwanzo. "Mama Marvin, wewe unajua kwetu. Siku ya matanga mama yake ataniuliza, mwanangu alipewa maji na nani? Hilo ndilo swali la kwanza. Nitamwambia aliomba nikamnyima? Nitamwambia kuna mama anauza matumbo alinikataza?"

Kwao Akeyo, kule upande wa ziwani, ilikuwa vile vile. Mtu akiomba maji hanyimwi hata kama ni adui yako. Waliokuwa wamebeba mlango walitazama pembeni. Kama Shivachi angekufa hapo, mbele ya treni iliyosimama, akiwa na kiu, Akeyo asingekuwa na mahali pa kuishi tena Laini Saba, na yeye mwenyewe hangewalaumu watu kwa kumlaumu. Je, kama alikosea? Kama Christine alisema maji kidogo si neno? Alijaribu kukumbuka, na akilini hakumkuta Christine. Alimkuta Mutie na mwiko wake. Akakunywa maziwa, akaenda.

Akapiga magoti kwenye kokoto.

"Ndugu yangu alipewa," akamwambia Trizah, polepole. "Walimpa kwa upendo. Na mimi ndio niliulizwa na mama yetu, na nikasema ndio, alikunywa maziwa. Haikumsaidia mama kulala." Akaionyesha leso ya kiunoni mwa Trizah. "Lowesha kona ya leso yako. Mpake midomo. Hiyo inaruhusiwa. Akiamka baada ya kushonwa utampa maji na mkono wako. Na akikosa kuamka, sema ni mimi nilikataza. Nitakuja nyumbani kwenu nisimame mbele ya mama yake niseme mwenyewe."

Trizah alimtazama kwa muda ulioonekana mrefu kuliko ile treni. Kisha akalowesha leso, akampaka mumewe midomo, na Shivachi akaifyonza ile kona kama kichanga, na Trizah akaitoa upesi, akalia bila sauti. Yale maji mengine akayamwaga kidogo kidogo pembeni ya nailoni, yakaingia kwenye kitambaa.

Treni ikashtuka behewa kwa behewa, ikaondoka.

Barabarani walikuta gari la mikate likishusha kreti kwenye maduka. Dereva alianza kusema gari ni ya chakula, akaona nailoni na kilicho chini yake, akaanza kutupa kreti nje mwenyewe. Wakaenda hivyo, Shivachi chini katikati ya mikate, harufu ya mikate mipya imejaa, Ouma ameshikilia magoti yake yasianguke. Njiani Shivachi alisema, macho yamefumba, "Ouma, usikule mkate ya watu," na Ouma akaisogeza kreti ya karibu kwa mguu.

Pale hospitali kubwa muuguzi wa mapokezi aliinua ukingo wa nailoni kwa ncha ya kidole, akaurudisha, akaita kitanda cha magurudumu kwa sauti iliyowafanya watu wote kwenye mabenchi wageuke. Daktari aliyekuja alikuwa kijana, amechoka. Swali lake la kwanza halikuwa jina.

"Amekula nini? Amekunywa nini tangu aumie?"

"Hakuna," Trizah akasema. "Hata maji."

"Una hakika, mama?"

"Aliniomba nikamnyima."

Daktari akatikisa kichwa kukubali, akaandika, na tayari walikuwa wanamsukuma. Ouma alibaki amesimama katikati ya ukumbi, mikono yake mikubwa ikining'inia, kama mtu aliyevuliwa kazi.

Kungoja ndiko kulikomshinda Akeyo. Alikaa, akainuka. Watu wa benchi walisogea kwa harufu yake ya matumbo, naye hakuona. Alikwenda bombani akanawa mikono, akarudi, akakumbuka kibanda hakina mlango na nyama iko juani, akasahau, akaenda akanawa tena. Kila mlango uliofunguliwa alikuwa wa kwanza kugeuka.

"Mama Marvin, keti," Ouma akamwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Siwezi."

"Hata mimi siwezi. Lakini nimeketi." Baadaye kidogo akasema, akitazama sakafu, "Wale wote nilifunga. Sijawahi kuuliza kama kuna mwenye alienda nyumbani akalala." Akeyo akaketi, kitako nusu, kando yake.

Jua lilikuwa limeinama walipoitwa. Daktari yule yule alisema bati lilikuwa limeutoboa utumbo mahali pamoja. Wameuziba, wamemwosha ndani. Bado hatari ipo, homa inaweza kuja, lakini ule uliotoka nje ulikuwa hai, wameweza kuurudisha wote. Trizah akaketi chini pale pale sakafuni. Ouma akavua kofia.

Homa ilikuja kweli, ikakaa, ikaondoka. Kila siku baada ya kufunga kibanda, ambacho Ouma alikuwa amekiwekea mlango mpya wa bati, kingo zote zimekunjwa ndani, Akeyo alikwenda kusimama dirishani mwa wodi. Hakuingia mpaka siku aliyomwona Trizah ameinamisha kikombe, na Shivachi akinywa, mkono wa mkewe chini ya kidevu chake.

Asubuhi iliyofuata alitoka Dagoretti na mzigo wake kama kawaida, akapita Kawangware. Ile nyumba ya nyuma ya soko ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wameshahamia, nguo za watoto zimeanikwa kwenye roshani za juu. Mutie alikuwa chini, anamalizia ukuta wa ua. Alipomwona akaanza kukusanya vifaa vyake, kama alivyofanya kila mara alipomwona tangu siku ile.

"Usiondoke," Akeyo akasema. "Sikuja kuuliza."

Mutie akasimama.

"Kuna mtu aliumia kwetu. Kama Opondo. Kitu nyeupe ilitokeza, na fundi mmoja alikuwa karibu airudishe na kidole." Akabadilisha beseni kutoka kiuno hiki hadi kile. "Kama hungeniambia ukweli siku ile, singejua. Jana nimemwona anakunywa maji."

Mutie alikuwa ameshika mwiko, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimelala juu ya mpini, kimekauka saruji. Akakitazama. Safari hii hakukificha.

"Anaitwa nani?" akauliza mwishowe.

"Shivachi. Anatengeneza sanduku za shule."

"Shivachi," Mutie akarudia, kama anayetaka asilisahau.

Akeyo akatazama juu, kwenye roshani, mahali ambapo zamani palikuwa na ubao tu na hewa. Alikuwa amefikiri kwamba akishasema, miguu ingemwachia asimame kidogo. Lakini jua lilikuwa linapanda na mzigo ungeharibika. Akaliinua beseni kichwani, akaondoka haraka kuelekea Kibera, na mbele ya soko, alipomwona mzee mmoja ameegemea ukuta ameshika tumbo, akapunguza mwendo.